Kabla ya sindano nyekundu: mambo ya kuzingatia

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alinyamaza. Dawa ilikuwa inaingia kwenye mshipa wa mkono, mkono ukaanza kumuunguza, naye akaona haya kumkatiza muuguzi aliyekuwa anaongea na mgonjwa mwingine. Alipokuja kusema, mgongo wa kiganja ulikuwa umevimba. Kidonda kilichofuata kilichukua miezi kupona, na mpaka leo vidole viwili havikunjiki vizuri. Ninaandika haya kwa ajili ya familia za komini za Katuba, Kenya, Ruashi, na kokote hapa Lubumbashi, ambazo zimeambiwa kwamba mgonjwa wao ataanza kemo, yaani dawa za kuua saratani.

Dawa yenyewe ni doksorubisini. Wengine wanaijua kwa jina la Adriamycin, wengi wanaiita tu dawa nyekundu. Inatumika kwa saratani ya matiti, saratani za tezi za limfu, na nyinginezo. Inasaidia kweli, na sisemi neno hata moja hapa ili mtu aikimbie. Lakini inatakiwa ipite ndani ya mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa inaua nyama inayoigusa. Kwa hiyo haichomwi kwenye msuli kama sindano tulizozizoea, wala haichomwi chini ya ngozi, wala haichomwi nyumbani na jirani aliyesomea uuguzi, hata awe na mkono mwepesi namna gani. Inatolewa hospitalini, polepole, seramu (maji ya dripu) ikiwa inatiririka pembeni, na muuguzi akihakikisha kwanza kwamba damu inarudi kwenye mrija.

Siku moja kabla, mgonjwa anywe maji ya kutosha ili mishipa ijitokeze. Kama amepasuliwa titi, ataje ni upande gani, maana kwa kawaida hutumiwa mkono wa upande mwingine. Na mkubaliane nyumbani, mapema kabisa, kwamba akihisi kuungua, kuchomachoma au kubanwa, atasema hapohapo, kwa sauti: «Inaunguza!» Anayemsindikiza aseme naye. Muuguzi atasimamisha dawa, na atajaribu kuivuta iliyovuja kabla ya kuchomoa sindano. Msichomoe wenyewe. Halafu mkono uinuliwe, uwekwe baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kama dakika 20, mara nne kwa siku. Hapa mama zetu watakuja na maji ya moto wakitaka kukanda. Wakatazeni kwa upole, lakini wakatazeni. Kwa dawa hii joto linaongeza madhara, na kusugua kunaisambaza. Malengelenge yanaweza kuchelewa siku kadhaa, basi mkono uangaliwe kila asubuhi hata kama siku ya kwanza ulionekana mzima.

Kabla ya sindano ya kwanza kuna vipimo ambavyo msikubali viahirishwe kwa sababu ya pesa bila kumuuliza daktari: NFS, yaani hesabu ya chembe za damu, vipimo vya ini, na ekografia ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ini ndilo linaloiondoa dawa mwilini, likiwa dhaifu dozi hupunguzwa. Kwa hiyo anayekunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, au dawa ya miti aliyopewa na mzee wa familia, aseme. Hakuna wa kumhukumu. Kuna hesabu ya kufanya.

Moyo una hesabu yake pia, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Doksorubisini huchosha msuli wa moyo, na uchovu huo hujumlishwa maisha yote ya mgonjwa, haufutiki matibabu yanapokwisha. Dozi hupimwa kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya mwili, ndiyo maana urefu na uzito hupimwa. Kwa saratani ya titi mara nyingi hutolewa 60 kila baada ya siku 21, mara nne, jumla 240. Madaktari huwa waangalifu sana jumla ikikaribia 450 hadi 550, na mapema zaidi kama kifua kimewahi kupigwa mionzi. Nunueni daftari la shule. Kila mzunguko andikeni tarehe, jina la dawa, na kiasi. Ukivuka Kasumbalesa kwenda kutibiwa Zambia, au ukihamia Kinshasa kwa watoto, daftari hilo liwe mkononi, kwa sababu daktari mpya hawezi kuisoma jumla hiyo usoni mwako. Kuhema kwa shida ukilala chali au miguu kuvimba, hata miaka baadaye, ni jambo la kumwambia daktari ukilitaja jina la dawa.

Mkitumwa kununua dawa wenyewe, ulizeni imehifadhiwaje. Iliyo ya maji hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na mwanga, na mjini kwetu umeme unakatika. Angalieni tarehe ya mwisho, ombeni stakabadhi, na mpelekeeni mfamasia wa hospitali chupa ikiwa haijafunguliwa.

Mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa, siyo damu. Waambieni watoto kabla hawajaogopa. Hata hivyo mabaki ya dawa yanatoka kwa mkojo, matapishi na jasho kwa siku kadhaa, basi anayefua avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na choo cha lupango, yaani cha uani, kimwagiwe maji ya kutosha kisha kifunikwe. Mjamzito asiifanye kazi hiyo. Mgonjwa mwenyewe asinyonyeshe, na asipate mimba wakati wa matibabu wala miezi 6 baada ya dozi ya mwisho.

Nywele zitaanguka, yaya alizinyoa mapema akafunga kitambaa cha kitenge. Mdomo ukipata vidonda, asukutue kwa maji ya chumvi, ale bukari (ugali) laini na mboga iliyoiva vizuri.

Sasa homa. Kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya sindano, chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa, na mwili hauna askari. Kwetu homa ina jina moja, malaria, na njia moja, famasi ya kona. Kwa mtu wa kemo njia hiyo inaweza kumuua kabla hakujakucha. Nunueni kipimajoto kabla ya kuanza, siyo siku ya homa. Kikionyesha 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata saa nane ya usiku. Asimeze parasetamoli kwanza, itaficha joto na kuwadanganya mnaomtazama. Malaria ipimwe, ndiyo, inaweza kuwapo. Lakini NFS ichukuliwe pamoja nayo, na antibiotiki za mshipa zisisubiri.

Wekeni pembeni pesa ya teksi na msiiguse, hata unga ukiisha. Muwe na namba ya dereva anayepokea simu usiku. Daftari likae ndani ya mfuko uleule wa nguo za hospitali. Na mkifika mlangoni, msiseme tu «ana homa», kwa sababu wenye homa ni wengi kwenye benchi lile na mtaambiwa mngoje. Semeni: «Anapata kemo, leo ni siku ya 11, joto ni 38 na nusu.» Tuliyasema maneno hayo usiku wa mzunguko wa tatu, tukapitishwa ndani mara moja.