Kipimo cha Sindano: Namna ya Kuitizama na Kuijadili Filamu ya Kitabu Unachokipenda

Aliyependa riwaya ya njozi huingia kwenye filamu yake na hukumu tayari mfukoni. Akitoka husema moja kati ya mawili: "wameiharibu" au "wameipatia". Hayo hayamfai kitu aliyeketi naye barazani, kwa kuwa hayasemi kilichoharibika ni kipi wala kimeharibikaje. Utaratibu ufuatao ni wa kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili, kiwe cha Mji wa Kale, Tudor au Likoni hapa Mombasa, chenye mchanganyiko wa waliosoma kitabu na wasiokisoma. Hao wasiokisoma msiwaache nyumbani, mtawahitaji.

Kabla ya kutizama

Soma kitabu upya, lakini kimalize siku kumi hadi kumi na nne kabla ya filamu. Kurasa 400 kwa mwendo wa kurasa 25 kila usiku ni siku 16, basi anza mwezi mzima mapema. Anayefunga ukurasa wa mwisho Ijumaa na kutizama Jumamosi hana nafasi ya kufurahia chochote. Anasahihisha imla, na kila neno lililoachwa humchoma. Zikipita wiki mbili, sentensi hufifia kichwani na hubaki kile ambacho kitabu kilikuachia kweli.

Fanya hesabu pia. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu huchukua takriban dakika moja kwenye skrini. Filamu ya dakika 150 basi ina mswada wa kurasa kama 150, tena zenye nafasi nyeupe tele, ilhali riwaya ya kurasa 400 ina maneno laki moja au zaidi. Haiwezekani yote yaingie. Anayelalamika kwamba "wamekata" amelalamikia hesabu. La kuuliza ni wamekata wapi.

Hapo ndipo pa kutumia sindano. Kisa cha Fumo Liyongo kinajulikana pwani nzima: shujaa asiyeuawa kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe. Msimulizi mmoja atarefusha ngoma ya gungu iliyofunika kelele za minyororo yake ya kifungoni ikikatwa, mwingine atapita upesi kwenye mkate wa wishwa uliofichwa tupa, na kisa kitasimama vilevile. Lakini iondoe sindano, au mpe adui yeyote aichome badala ya mwana, hapo Liyongo amekutoka.

Kila aliyesoma kitabu aandike kwenye kadi sindano tatu za kitabu hicho, kila moja na nambari ya ukurasa. Zisizidi tatu. Wengi hukosea hapa kwa kuandika wanachokipenda, kama karamu, wimbo fulani au farasi mweupe, badala ya kinachobeba kisa. Jiulize: jambo hili likiondolewa, mwisho wa kitabu bado utaeleweka? Ukieleweka, hilo ni pambo, liandike nyuma ya kadi. Mtu mmoja azikusanye kadi zote kabla filamu haijaanza, ili mtu asije akabuni sindano mpya baada ya kukasirika.

Chumba, shuka na saa

Mkienda ukumbi wa sinema kule Nyali, kazi ni ndogo: safu za kati kuelekea nyuma, simu zimezimwa, daftari dogo na penseli. Mwanga wa simu gizani huwaudhi wengine, na macho yako huchukua muda kuzoea skrini tena.

Nyumbani kuna mengi ya kutengeneza. Saa kwanza. Mkianza saa kumi jioni, filamu ya dakika 150 itaisha saa kumi na mbili na nusu, Magharibi imeshaingia na nusu ya watu wameondoka katika dakika kumi ambazo kisa kizima kilikuwa kikizielekea. Anzeni baada ya Isha, saa mbili na robo usiku; mtamaliza saa tano kasorobo. Usiku pia huwaondolea shida ya mapazia, madirisha yakabaki wazi kwa sababu ya joto.

Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa kama mita moja na nusu kwa kila mita moja ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya mita mbili inataka mita tatu. Mwanga wa lumeni 3,000 unatosha sebule yenye taa zilizozimwa. Shuka jeupe lipigwe pasi, livutwe pembe zote nne, na upindo wa chini upitishwe fimbo ili libaki limenyooka. Vinginevyo feni italipuliza na nyuso za waigizaji zitapinda. Elekezeni feni kwa watu. Projekta iachiwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani, na kichujio chake kifutwe vumbi kwanza, maana ikizidi joto hujizima yenyewe. Spika iwekwe karibu na shuka. Sauti ikitoka nyuma ya watazamaji, akili hukataa kuamini kwamba anayesema ni yule aliye mbele.

Washeni maandishi ya chini hata kama wote mnaijua lugha ya filamu. Filamu za njozi zimejaa majina ya kubuni ya watu, milima na falme. Asiyesoma kitabu akiyakosa mawili ya mwanzo, dakika arobaini zinazofuata zimempotea. Kompyuta ichajiwe hadi juu, maana umeme ukikatika kidogo filamu itaanzia pale pale. Na kaimati zingoje mpaka mwisho. Vidole vya shira na daftari havipatani, na anayeinuka kwenda kunawa huzuia picha.

Alama nne

Mara ya kwanza tizameni bila kusimamisha. Anayetaka kuandika atumie herufi moja na neno moja: K kwa kilichokatwa, G kilichogeuzwa, H kilichohamishwa, Z kilichozidishwa. Herufi hizi husaidia kwa sababu kila moja ina swali lake, na ugomvi mwingi huzuka watu wanapochanganya maswali.

Chukueni The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, kisa cha Frodo na wenzake wanaosafiri kwenda kuiangamiza Pete ya uovu, iliyotolewa vitabuni 1954 na 1955 na kuongozwa na Peter Jackson katika filamu tatu, 2001 hadi 2003. Wapenzi wa vitabu bado wanabishana juu yake, na mifano yote minne inapatikana humo au kwa jirani yake.

K: Tom Bombadil, mzee wa msituni, hayumo kabisa. Kwa kipimo cha sindano yeye ni pambo, na safari inaendelea bila yeye. Ila angalieni uzi aliouacha. Kitabuni, kisu ambacho Merry, mwenzake Frodo, anamchomea mfalme wa mizuka iitwayo Nazgûl kilitoka kwenye makaburi ya kale yaliyo katika sehemu hiyo hiyo iliyokatwa, na kilifuliwa mahususi kwa vita dhidi ya adui huyo. Filamu imebaki na pigo, sababu yake imepotea. Kwa hiyo kwa kila K, msiishie kwenye "hayumo". Fuateni uzi mpaka mwisho mwone kama kuna tukio la baadaye lililobaki likining'inia.

H: buibui Shelob yumo mwishoni mwa The Two Towers, kitabu cha pili kati ya vitatu, lakini kwenye filamu amesogezwa hadi ya tatu. Wapo waliokasirika. Kumbe kwa kalenda ya Tolkien mwenyewe, iliyo kwenye viambatisho, tukio hilo linakwenda sambamba na kuzingirwa kwa mji wa Minas Tirith, na huko ndiko filamu ilikoliweka. H nyingi hupona zikikaguliwa hivi, kwa hiyo mtu asikasirike kabla hajafungua viambatisho.

G ndiyo nzito. Faramir, jemadari anayekutana na Frodo njiani, kitabuni anasema hata angeikuta Pete njiani asingeiokota. Wa filamu ya 2002 anawachukua Frodo na Pete kuwapeleka kwa baba yake, kisha anabadili nia. Waandishi wa filamu walieleza kwamba Pete iliyotishia kila mtu isingeweza kumpita mmoja bila kumgusa, hatari ingepoa. Hoja hiyo ina uzito, na bado msomaji ana haki ya kusema kwamba Faramir asiyetikisika ilikuwa sindano yake. G hukaguliwa kwa maswali mawili: filamu ilipata nini, na mhusika alilipa nini? Anayejibu moja tu hajamaliza.

Z: The Hobbit, kitabu kimoja cha 1937, kilifanywa filamu tatu kati ya 2012 na 2014, na ndani yake akatiwa Tauriel, ambaye kitabuni hayumo. Hesabu ya kurasa imepinduka: badala ya kubana, wanavuta. Ukiona Z nyingi, tazama kwanza kitabu kina kurasa ngapi kwa kila saa ya filamu.

Nyuso za waigizaji zishughulikiwe peke yake. "Sivyo nilivyomwazia" si hoja, kwa kuwa kila mmoja alimwazia wake. Hoja ni ukurasa. Ursula K. Le Guin aliandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, dunia ya visiwa na majahazi ambayo msomaji wa pwani haoni ugeni nayo, na akamfanya shujaa wake Ged kuwa na ngozi ya rangi nyekundu ya kahawia. Tamthilia ya televisheni ya 2004 ilimpa mwigizaji mweupe, na mwandishi akalalamika hadharani. Hapo msomaji ana maandishi ya kushika mkononi.

Barazani

Msijadili usiku ule ule. Kutaneni kesho yake baada ya Alasiri, kahawa chungu iwe kwenye dele na kitabu kiwepo. Wasiosoma wazungumze kwanza, dakika tatu kila mmoja, pasi na kukatizwa. Wao pekee wanaweza kusema kama filamu inasimama kwa miguu yake, na wakishasikia "kitabuni ilikuwa hivi" ushahidi wao umekwisha haribika. Ikiwa kuna mzee miongoni mwa waliosoma, aelezwe mpango huu mapema na kwa adabu, asione amerukwa.

Kisha kadi zifunguliwe. Someni kila sindano kwa sauti na mpige kura: imebaki, imepinda, au haipo. Sindano ikiwa imeandikwa na watu watatu au zaidi bila kushauriana, anzeni na hiyo na muipe nusu saa. Iliyoandikwa na mmoja tu ipewe dakika tano, mwenyewe aitetee kwa ukurasa. Msimamizi awe na swali moja la kuzima moto: "Je, asiyesoma alipata jambo hilo kwa njia nyingine?" Mara nyingi amelipata kwenye muziki, au kwenye uso wa mwigizaji ulionyamaza, na msomaji hakuliona kwa sababu alikuwa akisubiri maneno.

Anayetaka kuandika maoni yake atizame mara ya pili, sasa akisimamisha. Maneno 500 yanatosha. Sentensi ya kwanza itoe hukumu, ya pili iseme kama mwisho utafichuliwa. Chagua tukio moja, taja dakika yake na ukurasa wake, na ulikalie kwa zaidi ya nusu ya makala. Orodha ya tofauti ishirini humchosha hata mwenye kitabu.

Kikundi kikikua, tahadhari. Marafiki sebuleni ni jambo moja. Ukibandika tangazo au kutoza kiingilio, hayo ni maonyesho ya umma, na hapo unahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya pamoja na ruhusa ya mwenye haki za filamu. Angalieni pia alama ya umri: GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18. Njozi si lazima iwe ya watoto, na joka la kwenye bango halisemi kilichomo ndani. Kadi zenu zitieni ndani ya kitabu chenyewe, mahali pa ukurasa uliotajwa, maana filamu ya pili ikitoka mtaanza kwa kuuliza ni sindano zipi ambazo ya kwanza imeshazivunja.