Mtungi kwa wanaosahau kunywa maji

Kwa mlioko Tabora na joto hili la Oktoba: maji ya kunywa yakishachemshwa na kupoa, yamimine kwenye mtungi wa udongo, funika, weka kivulini penye upepo, si kwenye kona ya jiko. Mimi nilikuwa na ndoo ya plastiki. Mchana maji ni vuguvugu, unakunywa mafunda mawili unaacha. Mtungi unatoa jasho: maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Ukiupapasa tumboni unakuta unyevu na ubaridi. Maji ya hivyo unayafuata mwenyewe bila kukumbushwa. Kipimo ni mkojo: njano iliyokolea, bado hujanywa, ukipauka, umefika. Maumivu yangu ya kichwa ya saa tisa alasiri yamepungua, na midomo haipasuki kama zamani. Chunusi? Hapo tusidanganyane, maji hayaziondoi. Na ngozi kavu bado inataka mafuta, upake ikiwa mbichi mara tu ukitoka kuoga.

Mtungi unapogoma: mvua zikianza na hewa ikawa na unyevu, haupozi sana. Uliopakwa rangi ya mafuta ndio haupozi kabisa, vitundu vimezibwa. Mtungi mpya ujaze maji siku nzima kisha uyamwage, la sivyo utakunywa harufu ya udongo. Kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu. Mkono ukiingia ndani, kuchemsha kote kumekuwa kazi bure. Wenye ugonjwa wa figo au moyo walioambiwa wapunguze maji, wamsikilize daktari wao, si mimi.