Unaposubiri Pikapu ya Umeme Uliyoiwekea Nafasi
Kuweka nafasi si kununua. Soma masharti ujue kama amana yako inarudishwa na kama bei haitabadilika, kwa maana Tesla Cybertruck, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa bei ya kuanzia dola 39,900, ilianza kukabidhiwa wateja mwishoni mwa 2023 ikiwa ghali zaidi kwa mbali. Kwa hiyo usiuze gari ulilo nalo kabla ya kuthibitishiwa tarehe ya makabidhiano. Unapoendelea kusubiri, mwite fundi umeme akague kama nyaya za nyumba yako zinahimili chaja, kazi ambayo mimi ningeitanguliza kuliko zote. Siku ya kulipokea gari, likague mchana, rangi, milango na mfumo wa kuchaji, kabla ya kutia saini.