SOMO: Kwenda Ladakh (India), maziwa ya mlimani na monasteri za Wabudha

Wadau, hili swali la namna ya kwenda Ladakh nimelijibu inbox mpaka basi, kwahiyo leo naliweka lote hapa.

1. Viza ya India unaomba mtandaoni. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, kadi ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo uwe umechoma siku 10 kabla.

2. Nenda Juni mpaka Septemba. Ndege Delhi hadi Leh, mji mkuu wa Ladakh.

3. HAPA NDIPO WATU WANAPOUMIA, ugonjwa wa mwinuko (juu hewa ni nyepesi). Leh iko mita 3,500 hivi, inakaribia kabisa Horombo kule Kilimanjaro (3,720), ila Horombo unafika kwa miguu umelala Mandara njiani, Leh unashushwa na ndege ukitokea Delhi ambako ni mita 200 na kitu tu, mwili haujui kilichotokea. Siku mbili za mwanzo lala, kunywa maji, tembea polepole, pombe acha. Wengi siku ya kwanza wanajiona wako fiti, kesho yake wanakodi gari kwenda kulala ziwa Pangong, mita 4,250 hivi. Sasa sikia, ukizidiwa usiku dawa ni kushuka, na kwa barabara ya kawaida ya kurudi Leh ni lazima kwanza UPANDE Chang La, njia ya kuvukia mlima, zaidi ya mita 5,300! Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Ukianza kuyumba, kuhema ukiwa umekaa, au kuongea vitu havieleweki, ondoka muda huohuo, usisubiri kukuche. Diamox (dawa ya kuzuia ugonjwa huo) muulize daktari kwanza, hasa kama una aleji na dawa za salfa.

4. Pangong, bonde la Nubra na ziwa Tso Moriri mgeni anahitaji kibali. Anakitafuta wakala aliyesajiliwa, na ni kuanzia watu wawili. Toa kopi za kutosha, kwenye vizuizi wanazichukua.

5. Wakati unazoea hewa, baada ya zile siku mbili, fanya monasteri za karibu: Thiksey (km 19), wahi alfajiri ukute watawa kwenye sala, halafu Hemis (km 45). Pangong weka mwisho.

MASWALI

Kibopa_Moro: Mkuu mi nina siku 4 tu, naanza na Pangong au?
— Namba 3. Isome yote. Kwa siku 4 baki Leh na monasteri.

Chuma88: Kilimanjaro nimefika kileleni, hiyo mita 3,500 mnatutisha bure
— Hongera, ila ulifika baada ya kupanda siku kadhaa. Kilele cha mwaka juzi hakikulindi leo, hata wenye vifua, wanaojiona wana nguvu, wanaumia.

Binti Pangani: Nimesikia Pangong maji yake ya chumvi, inakuaje na bahari iko mbali hivyo?
— Swali zuri sana dada. Ziwa halina mto wa kutoa maji nje, yanaondoka kwa kukauka na jua, chumvi inabaki. Natron yetu ni hivyohivyo. Na pamoja na chumvi yote hiyo, baridi ikikaza linaganda unaona barafu tupu.

Binti Pangani: Asante kaka. Na monasteri mtu anaingiaje bila kukera?
— Mabega na magoti yafunike, viatu nje, michoro ya ukutani usipige flashi. Stupa (mnara mtakatifu wa Wabudha) izunguke ikiwa mkono wako wa kulia. Thiksey usikose chumba cha Maitreya, yaani Budha anayesubiriwa kuja, sanamu ya mita 15 hivi, uso unakutana nao ghorofa ya juu.

Dereva Tax: Nyongeza, pesa toeni Leh, huko ziwani ATM msitegemee. Na pawabanki usiku ilale nayo ndani ya blanketi, baridi inamaliza chaji.