Sakafu ya betri kwenye Volkswagen Beetle: maliza asidi kwanza, ndipo uchomee

Mwenye Beetle akija gereji kwangu hapa Ilala, Dar es Salaam, akaniambia, "Fundi, mvua ikinyesha abiria wa nyuma wanaloa miguu," sihangaiki na raba za milango. Nanyanyua kiti cha nyuma. Kwenye gari hili betri imekaa chini ya kiti, upande wa kulia, juu ya bati la sakafu. Peugeot 504 ikimwaga asidi utaiona ukifungua boneti. Beetle unaikalia asidi miaka na miaka bila habari.

Wenyewe hulaumu chumvi ya bahari. Chumvi ipo, sikatai, hasa kwa gari linalolala Upanga au Kigamboni, lakini chumvi haichagui pa kula. Ukikuta tundu lina umbo la betri, mlaji ni asidi. Ndiyo maana kiraka kilichochomewa haraka hutoboka tena: bati jipya limeungwa na bati la zamani ambalo bado limelowa asidi kwenye maungio.

Kazi hii ifanye kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo. Wakati wa masika bati linashika kutu ya juujuu usiku mmoja tu, na rangi ya chini haitashika vizuri.

Toa kiti, fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, legeza kile chuma kinachoibana betri, itoe. Ipeleke mbali kabisa, maana betri inatoa gesi ya haidrojeni na cheche za grenda hazitaki kingine. Kama gari lako ni la volti 12, katauti, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, mara nyingi iko chini ya kiti hichohicho, upande wa kushoto. Chomoa waya zake pia kabla mtu hajawasha mashine ya kuchomea.

Sasa asidi. Nunua bikabonati, ule unga mweupe wa kuumulia maandazi. Magadi ya kupikia maharage nayo yanafaa ukiyasaga. Muuza duka akikupa kostiki, mrudishie, hiyo inachoma ngozi na macho. Changanya vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, vaa miwani na glavu, mwagia sehemu yote. Itatoa povu kama soda iliyotikiswa. Sugua kwa brashi ya plastiki, suuza, mwagia tena. Rudia mpaka povu lisitoke hata kwenye mikunjo na nyuma ya kishikio cha betri. Hapa ndipo vijana wangu huchoka wakasema, "Mzee, inatosha." Haitoshi mpaka bati linyamaze. Kisha suuza kwa maji mengi na uliache likauke juani milango ikiwa wazi.

Ondoa lami na sponji za zamani kwa tindo pana, hata pale panapoonekana pazima. Gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza: bati zima linalia, bovu linatoa sauti ya karatasi. Chokoa kwa bisibisi. Kutu ikiwa imefika ukingoni, kwenye boliti zinazounganisha bodi na sakafu, usijidanganye na kiraka. Hiyo ni kazi ya kubadilisha nusu nzima ya sakafu, na bodi inyanyuliwe.

Kama ukingo ni mzima, kata. Usifuate ukingo wa tundu, nenda sentimita mbili au tatu ndani ya bati zima, na kona zikate kwa mviringo, kwani kona kali ndiko ufa unakoanzia. Tengeneza pateni kwa boksi la katoni, lijaribu mpaka likae bila kulazimishwa, ndipo uhamishie kwenye bati.

Bati lenyewe tafuta Gerezani, kule kwenye wauza vyuma. Omba bati jeusi geji 18, yaani karibu milimita 1.2. Atatokea mtu wa kukushauri bati la paa lililobaki kwenye ujenzi. Kataa kwa adabu. Bati la paa ni jembamba mno kubeba betri yenye uzito wa zaidi ya kilo kumi, tena limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta unapata homa usiku utadhani malaria. Sakafu ya asili ina mifereji iliyobonyezwa ili isitikisike. Weka kipande chako juu ya mbao yenye mfereji, kigonge kwa ubapa wa tindo butu mpaka kipate mifereji miwili mitatu. Bila hiyo kitadunda kama ngoma njia nzima.

Kabla ya moto, kumbuka bomba la petroli linapita ndani ya mgongo wa chasisi, katikati ya gari, kutoka tangi la mbele kwenda injini nyuma. Ukichomea karibu na mgongo ule, kwanza hakikisha bomba halivuji na tangi limetolewa. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe mkononi mwa mtu anayeangalia, siyo kona ya gereji.

Mashine ya mig, ile ya kuchomea inayotoa waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.8, ndiyo ninayoipenda. Mtu wa stiki, anayechomea kwa fimbo za umeme, atatoboa bati hili jembamba, na kuchomea kwa gesi kutalikunja kwa joto. Kipande kikae bega kwa bega na bati la zamani, siyo kulalia juu yake, kwa sababu mlalio ni mfuko wa maji. Piga nukta moja, hamia upande wa pili, piga nyingine, acha bati lipoe mpaka uweze kuligusa. Halafu jaza katikati ya nukta hivyohivyo, kwa subira. Saga kwa grenda kidogo tu, usile bati.

Puti, ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi, haina kazi hapa. Paka dawa ya kutu kwenye vidoa vilivyobaki, kisha praima ya epoksi ya kuchanganya na hadna, yaani kigumisho chake, juu na chini. Ikikauka, ziba maungio kwa sila, paka rangi ya juu, na upande wa chini wa gari malizia kwa lami. Lami juu ya bati tupu ni kufunika kutu tu.

Betri usiirudishe juu ya rangi. Kata kitako cha dumu la plastiki la mafuta ya kula, acha kingo za kama sentimita tano, betri ikae ndani yake. Plastiki ile haidhuriwi na asidi ya betri. Ibane isicheze. Mfuniko wa terminali ni lazima, kwa sababu springi za kiti mtu mzito akikaa zinashuka mpaka kwenye terminali, na Beetle zimeungua kwa sababu hiyo. Kama mfuniko wa asili umepotea, kata raba ya tyubu ya lori ifunike juu yote.

Mwisho washa gari, kanyaga mafuta kiasi, pima betri kwa mita. Kwa volti 12 unataka kusoma karibu na 14. Kwa zile za volti 6, karibu na 7. Ile ya volti 12 ikipanda kufika 15, katauti inachemsha betri na ndiyo iliyomwaga asidi yote ile. Mwite fundi umeme kabla hujarudisha kiti.