Kukusanya vitabu mwisho wa mwaka bila kumwongezea mwalimu mzigo: kwa wakutubi wa sekondari

Novemba, sekondari za Tanzania ziko kwenye mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya kidato cha pili na cha nne. Walimu wengine wameitwa kusimamia shule za jirani, waliobaki wanasahihisha na kujaza ripoti. Tangazo la “vitabu vyote virudi Ijumaa” linawaangukia wao, maana mwanafunzi asiporudisha, anayeulizwa ni mwalimu wa darasa.

Hatua ya 1. Wiki tano kabla ya kufunga, toa madeni, yaani vitabu ambavyo havijarudi, kwenye daftari la kuazimia uyaandike upya kwa mkondo: jina, somo, namba ya kitabu. Mkondo mmoja, karatasi moja. Daftari lililopangwa kwa tarehe halimsaidii mwalimu.

Hatua ya 2. Fuata ratiba ya mtihani. Kitabu cha Biolojia kirudi baada ya karatasi ya mwisho ya Biolojia, vitendo vikiwemo. Ukikusanya mapema unamnyang'anya mtoto anachosomea. Ukingoja mtihani wa mwisho kabisa, wa kutwa wameshatawanyika.

Hatua ya 3. Meza iende darasani. Omba kipindi kimoja cha dakika 40 na wanafunzi wawili: mmoja asome namba, mwingine apange. Kalamu ibaki kwako. Hapa ndipo wengi huharibu: futa deni kwa namba ya kitabu, usifute kwa jina la aliyekileta. Vitabu huzunguka mabwenini, na aliyeazima namba 87 ataleta 112. Ukikata jina lake, 112 inabaki deni la mwenzake ilhali kitabu kiko rafuni, na mzazi asiye na kosa atapigiwa simu. Kata 112, acha 87 wazi. Huenda ikajitokeza kabla kengele haijalia. Kisicho na namba kiweke pembeni hadi darasa zima limalize.

Hatua ya 4. Nakala za walimu ziache. Azimio la kazi (mpango wa kufundisha somo) la Januari wengi huliandika likizoni. Ongeza muda, mwalimu asaini, basi.

Hatua ya 5. Kabla ya kukarabati, muulize mwalimu wa somo kama toleo hilo bado linafundishwa. Mtaala mpya umeingia kwa awamu tangu Januari 2024, na gundi si bure. Mgongo uliobanduka upake gundi nyeupe, zungushia nailoni, kandamiza kwa tofali usiku kucha. Seloteipu hukauka, ikageuka njano na kuondoka na karatasi. Vilivyokufa viorodheshe, usivitupe: ni mali ya shule, kibali ni cha mkuu.

Hatua ya 6. Mpe kila mwalimu wa somo hesabu yake. Mfano: zilitoka nakala 60, zimerudi 52, mbovu 6, zinabaki 46 kwa wanafunzi 138 wa Januari, yaani kitabu kimoja watu watatu. Nakala ya hesabu hiyo iende pia kwa mwalimu wa taaluma kabla ya kikao cha kufunga. Ikifika baada ya kikao, ombi la vitabu litalala hadi shule ifunguliwe, na vipindi vitaanza na upungufu uleule.