GParted ikikataa nenosiri lako: pa kuanzia kabla ya kusakinisha upya

Laptopu nyingi ninazoletewa hapa katikati ya jiji la Nairobi ni za mtumba: ThinkPad na EliteBook zilizotumika ofisini Ulaya, zikanunuliwa barabara ya Luthuli, zikatiwa mfumo wa Linux kama Ubuntu, Mint au Debian na mtu ambaye mwenye laptopu hamjui. Siku anayotaka kupanua patisheni, yaani fungu la diski, anabofya GParted, programu ya kugawa diski, dirisha linaomba nenosiri, anaandika, linakataa. Anaambiwa asakinishe yote upya. Usifanye hivyo. Mara nyingi nenosiri analoandika ni sahihi, ila linaulizwa la akaunti nyingine, au programu inayopaswa kuliuliza haipo.

Hatua ya 1: Soma jina kwenye dirisha

GParted haina nenosiri lake. Inataka haki za root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye Linux, kwa sababu inaandika moja kwa moja kwenye diski, na anayeuliza ni polkit, msimamizi wa ruhusa wa mfumo, kupitia amri ya pkexec. Mfikirie kama askari wa mlangoni kwenye majengo ya Moi Avenue: ofisi si yake, yeye anataka kitambulisho tu, kisha aangalie kama umeruhusiwa kupanda.

Kwa hiyo tazama ni jina la nani limeandikwa. Likiwa lako, linatakiwa nenosiri lile lile unaloingilia kwenye kompyuta. Kwenye mashine ya cyber yenye akaunti kadhaa, huenda likawa la mwenye cyber. Likiwa root, nenda moja kwa moja hatua ya 3.

GNOME Disks isikuchanganye. Hiyo hufunguka bila kuuliza kitu na huomba nenosiri pale tu unapogusa jambo linalohitaji ruhusa. Kufunguka kwake si ushahidi kwamba nenosiri lako linafanya kazi.

Na kama umewasha kompyuta kwa flashi ya majaribio, Ubuntu na Mint hazina nenosiri hapo. GParted Live hutumia jina `user` na nenosiri `live`.

Hatua ya 2: Lipime nenosiri kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri)

```
sudo -k
sudo -v
```

`sudo` hukupa haki za root kwa muda. Amri ya kwanza inafuta kumbukumbu ya ruhusa uliyopewa awali, ya pili inauliza upya. Unapoandika hutaona herufi, na kwenye mifumo mingi hata nyota hazitokei. Kibodi haijafa, andika ubonyeze Enter. Ikirudi kimya, nenosiri ni sahihi na haki unazo, ruka hadi hatua ya 4.

Ikijibu `Sorry, try again`, ishuku kibodi kabla ya kuishuku kumbukumbu yako. Mashine za Ujerumani huja na mpangilio wa QWERTZ, ambao Z na Y zimebadilishana nafasi. Za Ufaransa ni AZERTY: A iko mahali pa Q, na tarakimu hazitoki mpaka ushike Shift. Muuzaji hubandika stika za Kiingereza juu ya vitufe na laptopu inaonekana ya kawaida, kumbe mfumo ndani bado unasoma Kijerumani. Basi unabonyeza stika ya Y, inaingia Z, na kwa kuwa herufi zimefichwa huoni kitu. Fungua kihariri cha maandishi, andika nenosiri lako ulione kwa macho, kisha lifute. Kama herufi zimevurugika, badilisha mpangilio kwenye mipangilio ya kibodi. Caps Lock iangalie pia. Usicheke, ni yenyewe mara nyingi kuliko unavyodhani.

Watumiaji wa Arch, aina nyingine ya Linux, wana la ziada: ukikosea mara 3, akaunti hufungwa kwa dakika 10, na muda huo hata nenosiri sahihi hukataliwa. Subiri, au futa hesabu kwa `faillock --user jina --reset`. Hapa na mbele, penye `jina` weka jina la akaunti yako.

Hatua ya 3: Je, umo kundini?

```
id -nG
```

Kwenye Ubuntu, Mint na Debian tafuta neno `sudo`, kundi la walioruhusiwa kutumia haki za root, kwenye orodha itakayotoka. Kwenye Fedora na Arch ni `wheel`. Usipoliona, hata nenosiri liwe sahihi namna gani, hupiti.

Debian ndiyo inayowatatiza wengi, na chanzo chake ni kwenye usakinishaji. Aliyesakinisha akimpa root nenosiri, mtumiaji wa kwanza hatiwi kwenye kundi la sudo, na dirisha litakuwa linaomba nenosiri la root. Akiacha nafasi ile wazi, root hufungwa na mtumiaji wa kwanza ndiye hupewa haki. Kwa hiyo mpigie simu aliyekuuzia umwulize aliweka nini. Ukilipata nenosiri la root:

```
su -
usermod -aG sudo jina
```

Kistari baada ya `su` kisikose. Bila hicho Debian ya sasa itakuambia haiijui `usermod`. Na `-a` ni ya lazima, kwani ukiisahau unaondolewa kwenye makundi mengine yote. Kisha toka kwenye akaunti uingie tena. Kufunga terminali pekee hakutoshi.

Kwenye Ubuntu usihangaike kubahatisha nenosiri la root. Akaunti hiyo imefungwa tangu mwanzo, halipo.

Hatua ya 4: sudo inakubali, GParted haifunguki

Acha menyu, izindue kutoka terminali ili usome inalosema. Kwenye familia ya Debian, Ubuntu na Mint zikiwamo:

```
/usr/sbin/gparted
```

Nenosiri likiombwa kwa maandishi ndani ya terminali, chini ya mstari wenye neno `AUTHENTICATING`, basi wakala wa polkit hayupo. Yeye ndiye huleta lile dirisha la nenosiri. Hili hutokea sana kwa wanaotumia i3 au Openbox, mazingira mepesi ya madirisha, kwa sababu mashine ina RAM ndogo: ukibofya kwenye menyu, kimya. Sakinisha `lxpolkit` na uifanye ianze kila unapoingia. Kwenye faili la mipangilio la i3 ni mstari mmoja:

```
exec --no-startup-id lxpolkit
```

Ukiona `cannot open display`, nenosiri limeshakubaliwa. Wayland, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, ndiyo inayomzuia root kuchora dirisha kwenye skrini yako. Malalamiko haya yalisambaa Ubuntu 17.10 ilipohamia Wayland mwaka 2017. Ruhusu, tumia, kisha ondoa ruhusa:

```
xhost +SI:localuser:root
xhost -SI:localuser:root
```

Ukikuta mahali unaambiwa uandike `xhost +` peke yake, achana napo. Hiyo inamfungulia skrini yako kila mtu.

Ujumbe wa tatu ni `pkexec must be setuid root`, na una historia. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza PwnKit, CVE-2021-4034, tundu la usalama lililokuwamo ndani ya pkexec tangu 2009. Ambao hawakuweza kusasisha mara moja walishauriwa kuivua pkexec ile ruhusa maalumu ya setuid, inayoifanya iendeshwe kwa haki za root, na kuna mashine hazijarudishiwa mpaka leo. Sasisha polkit kwanza, ndipo urudishe:

```
sudo chmod 4755 /usr/bin/pkexec
```

Ukirudisha ruhusa kabla ya kusasisha, unarudisha tundu lile lile. Miongozo ya zamani inayotaja `gksu` iruke tu. Iliondolewa tangu Ubuntu 18.04.

Hatua ya 5: Nenosiri limepotea kabisa

Hapa mashine iwe yako. Nikiletewa laptopu yenye akaunti ya mtu mwingine na risiti haipo, kazi yangu inaishia hapo.

Washa huku umeshika Shift, au bonyeza Esc kwenye mashine za UEFI, mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo. Chagua Advanced options, kisha mstari wenye recovery mode, kisha root.

```
mount -o remount,rw /
passwd jina
```

Ukiuruka mstari wa kwanza utapata `Authentication token manipulation error`, maana diski bado ni ya kusoma tu. Debian yenye root iliyofungwa haitakupa nafasi hiyo. Kwenye GRUB bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, badilisha `ro` iwe `rw`, mwishoni ongeza `init=/bin/bash`, halafu Ctrl+X. Tumia `passwd`, kisha `sync`, kisha `reboot -f`.

Nenosiri la diski iliyosimbwa kwa LUKS halibadiliki kwa njia hii, na likipotea hakuna fundi wa kulirudisha. Ghala la manenosiri la GNOME nalo litaendelea kudai nenosiri la zamani. Ukilifuta uanze jipya, manenosiri ya Wi-Fi na mengine yaliyohifadhiwa humo hupotea nalo.

GParted ikishafunguka, ukiona alama ya ufunguo kando ya patisheni, suala la nenosiri limekwisha: patisheni hiyo imepachikwa, yaani mfumo unaitumia. Ibofye kitufe cha kulia uchague Unmount. Ile ya `/` haitakubali, kwa kuwa ndiyo unayoiendesha. Washa kwa flashi ndipo uipunguze.